Maneno ya Mama Hayaazimwi

Kitengela,
Jumapili, 11 Julai 2004

Kwa ndugu yangu mpendwa Kimanzi,

Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, wewe na mama watoto Evalyne na wote walio hapo Loitokitok. Sisi huku tuko, na Mungu tunamshukuru, ingawa siku hizi tunamshukuru tukiwa tumeketi. Miguu yangu imevimba tena. Daktari anasema nipunguze kukaa kwa cherehani, lakini hajasema ni nani atashona hizo sare za shule. Mama yuko, presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Dawa anakunywa akikumbushwa, na akikumbushwa sana ananuna. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndugu yangu. Sikulaumu, nasema tu.

Vitunguu ulivyotuma na Lemayian vilifika vizuri. Nilikuwa nimepanga kuuza gunia lote, lakini kabla sijatoka dukani Mama alikuwa ameshagawia wamama wa kanisa karibu nusu yake. Asante hata hivyo, vimetusaidia.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati mimi niko na simu na wewe uko na simu. Yako kila nikipiga naambiwa mteja hapatikani, na siku ikishika inashika mtandao wa ng'ambo ya mpaka, ninasikia mama fulani akiniongelesha Kiswahili kizuri sana kisichonisaidia kitu. Lakini hata ungepatikana, Mama amekataa. Amesema maneno ya nyumba hayapigiwi kelele kwa simu, yaandikwe, yafungwe, yapelekwe kwa mkono. Kwa hivyo ninampa Lemayian, na nimemwambia akija huku tena na mzigo asije bila jibu lako. Isome kwanza ukiwa peke yako. Evalyne utamwambia baadaye. Mwanao Makau usimwambie mpaka umalize kufikiri.

Habari yenyewe inaanzia Kiserian. Ulikuwako, lakini wacha nianze hapo, kwa sababu mambo mengi yamepita katikati na mimi nimechoka, nisipoyapanga nitayachanganya. Unakumbuka tulivyoenda kwa Mzee Nzomo, baba yake Tabitha, mwezi wa pili na mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kwanza kabisa wa kuonyesha kwamba Tabitha ameshapata mwenyewe. Unakumbuka tulivyochekeshwa, chai ya maziwa matupu, Makau amevaa lile koti linalomkaba shingo. Mbuzi wa kwanza alikuwa ameshaangushwa chini na kisu kiko mkononi, ndipo kaka yake Nzomo akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, sisi ni wa ukoo gani. Wewe ulinitazama mimi, mimi nikakutazama wewe. Baba mdogo wa Konza, tuliyekuwa tumemleta kama mzee wetu, akajibu kwamba sisi ni Aombe. Kisu kikarudi kwenye ala. Kumbe nao ni Aombe, na Mkamba haoi katika ukoo wake. Tabitha na Makau wakawa ndugu hapo hapo, wakiwa wameshikilia vikombe vya chai.

Mimi nilimkasirikia Nzomo sana, na najua wewe ulimkasirikia zaidi. Lakini nimeenda kumwona mara mbili tangu siku hiyo na nimeona si mtu mbaya. Aliniambia kwamba dada yake aliolewa hivyo, bila kujua, na wazee wakaja kuivunja ile ndoa watoto wakiwa tayari wawili, na yule dada hakuwa mzima tena. Ndiyo sababu hataki kusikia habari ya siku hizi ni za kisasa, sijui sisi ni wakristo. Anasema ukristo wake ni wa tangu zamani na haumzuii kuhesabu ndugu zake. Tabitha naye amekataa katakata kwenda kwa DC kuandikishwa bila baraka za baba yake. Mbuzi wetu wako huko mpaka leo wanakula nyasi za Nzomo, hawachinjwi wala hawarudishwi. Amesema Agosti ikiisha atawarudisha, na wewe unajua mbuzi wa ntheo wakirudi maana yake nini, uchumba umekwisha.

Makau alikuja hapa dukani siku moja akakaa kwenye kile kistuli cha wateja, akalia. Mwanamume mzima, ndugu yangu, na wateja wananipigia hodi. Ndipo akaniuliza kama ile habari ya Mama Tepu tuliyokuwa tukiwasimulia ni ya kweli.

Wewe hujamsahau Mama Tepu. Ule mwaka baada ya Susu, nyanya yetu, kufa, tukiwa bado kule Kajiado, yule mzungu mrefu aliyekuwa akitembea na tepurekoda begani akiuliza Wakamba waliohamia Umasaini walitoka wapi. Alikuwa akifika kwetu katikati ya wiki, Baba akiwa kazini kwenye kiwanda cha simiti, na kila akifika sisi tulipewa biskuti tukafukuzwa nje. Tulidhani anamuuliza Mama bei ya ugoro. Makau alikuwa amedadisi huko Nairobi, akaambiwa yale yote aliyokusanya yaliandikwa, koo na vizazi vya kila nyumba, na yamehifadhiwa kwenye maktaba moja ya utafiti. Akasema labda huko tutapata kwamba Baba mdogo amezeeka na amekosea. Mimi nilijua Baba mdogo hajakosea. Lakini mtoto akilia mbele yako utafanya nini? Nilifunga duka nikaenda.

Jina la hiyo maktaba silitaji kwa sababu hawakunikosea kitu, ni miguu tu iliyonikosea. Mkoba unaachwa mlangoni, kalamu ya wino inaachwa mlangoni, unapewa penseli kama mtoto wa nasari. Anayehudumia anaitwa Apondi, mama mmoja mpole sana, na kwa upole huo huo alinikatalia kila kitu. Nilimwambia nataka kuazima kitabu kilichoandika jamii yangu, nikaonyeshe watu Kiserian, nitarudisha wiki ijayo. Akaniambia hapo hakuna kitu kinachoazimwa, kila kitu kinasomewa humo humo ndani. Nikasema basi nitolewe fotokopi. Akasema sheria ya hakimiliki inamruhusu kutoa sehemu moja tu ya kumi, hata kama kitabu chote kinanihusu. Nikamwambia sawa, sitaki mambo ya watu, anitolee hiyo sehemu ya kumi iliyo yetu, ya nyumba ya baba yetu Mwanzia au ya mama yetu Nzula wa Kajiado.

Alikaa ndani muda mrefu. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. Akaniambia kurasa za nyumba ya Nzula zipo, lakini zimefungwa. Zimeandikwa kwamba hazisomwi, hazinakiliwi, mpaka mwenye haki atoe ruhusa kwa mkono wake. Nikamuuliza mwenye haki ni nani zaidi ya sisi tulioandikwa. Nilipandisha sauti, sikufichi, mpaka vijana waliokuwa wakisoma wakageuka. Nikamwambia kwamba ni mama yangu aliyeongea, ni Susu yangu aliyesemwa, halafu mzungu anakuja na tepu, anaondoka na watu wetu, na mimi kuja kuwaona lazima nimpigie mzungu magoti! Apondi alinisikiliza mpaka nikamaliza pumzi. Akasema hata kwao mambo kama hayo yapo, na hata yeye humuuma, lakini kurasa hatoi. Akanipa anwani ya chuo cha huyo Mama Tepu huko ng'ambo na akanisaidia kuandika barua kwa Kiingereza kinachoeleweka.

Nilirudi mara nyingine na nyingine kuuliza kama jibu limekuja. Kila nikirudi hapa jioni Mama ananiuliza nilikuwa wapi, namwambia nilienda kutafuta vitambaa. Aliona sirudi na kitambaa. Wakati huo nilikuwa nimeshamwendea pasta wetu wa zamani wa Kajiado na tena Baba mdogo kule Konza, nikimbembeleza afikirie vizuri kama kwetu hakuna ukoo wa Atangwa au wa Anzauni mahali fulani. Alinijibu kwamba yeye ni Mwombe, baba yake Kiilu alikuwa Mwombe, na zaidi ya hapo asiulizwe. Alilisema hilo neno la mwisho akitazama pembeni, lakini mimi nilikuwa nimechoka na sikulitia maanani.

Jibu la Mama Tepu lilifika mwezi uliopita. Ni bibi mzee sasa, mwandiko unatetemeka. Aliandika kwamba anatukumbuka, hata biskuti anazikumbuka, na kwamba amesikitika kusikia ninahangaika. Lakini akasema ruhusa si yake kutoa. Kitabu ni chake, ndiyo, lakini maneno ya kila mzee na kila mama aliyeongea naye aliyaacha yabaki mali ya mwenyewe, na wengine walimwekea masharti. Mwenye haki ya kurasa zetu ni aliyezisema, Nzula, aliyeweka kidole gumba chake kwenye mkataba na kusema asizisome mtu yeyote wa nyumba yake mpaka yeye akubali. Kama bado yuko hai, aliandika, tafadhali muulize.

Nilimsomea Apondi. Naye, kwa vile ni mtu wa kazi, akachukua penseli akaniuliza huyo Nzula ana anwani gani. Kimanzi, nilicheka mpaka askari wa mlangoni akaja. Nikamwambia anwani yake ni Kitengela, Noonkopir, nyuma ya kanisa, mlango wa bluu, na saa hizi atakuwa anamenya mbaazi akisema nimechelewa tena. Halafu kicheko kikageuka, nikashindwa kukizuia, Apondi akanishika mkono na kunitafutia maji.

Nilimkuta Mama kweli anamenya mbaazi. Nikaketi na viatu vyangu, nikamwekea ile barua kwenye mapaja ingawa hasomi. Hakushtuka. Aliuliza kama Mama Tepu bado ni mzima na kama bado anacheka akijishika kifua. Nikamwambia sijui anachekaje, ninajua tu kwamba nimemaliza nauli na soli za viatu nikitafuta ruhusa ambayo ilikuwa jikoni kwangu. Ndipo akanijibu jambo ambalo bado linaniuma nikilikumbuka. Alisema tulimuuliza Baba mdogo, tukamuuliza pasta, tukaenda mpaka kwa kitabu, tukaandikia hata mzungu, na hakuna mmoja wetu aliyemuuliza yeye. Nikataka kujitetea, nikaacha. Kwa sababu ni kweli. Si ndivyo tulivyolelewa? Ukoo ni mambo ya wanaume, mwanamke ni wa kule alikoolewa, utamuuliza nini? Alikaa kule Kiserian na shuka lake begani akisikia kila kitu, na hakuna aliyegeuza shingo.

Nikamwomba basi aweke kidole, nitolewe kurasa zangu, nizipeleke kwa Nzomo tumalize. Akakataa. Alisema yeye ndiye mwenyewe na amekataa, niende nimwambie hivyo huyo Apondi. Maneno yake hayaazimwi. Kwa hivyo ujue, ndugu yangu, baada ya safari zote hizo mimi sijasoma hata mstari mmoja wa kile kitabu, na sitausoma. Lakini alisema mimi atanieleza kwa mdomo wake, na nikimaliza kusikia nikuandikie wewe, bila kuongeza chumvi. Sasa kaa chini.

Susu Ndunge, niliyepewa jina lake, hakuwa mama yake Baba. Susu hakujaliwa mtoto. Mumewe alikufa mapema akamwacha na mbuzi wachache na biashara ya ugoro kwa wazee wa Kimasai, na hakutaka nyumba ya mumewe izimike. Ile desturi ya iweto tuliyokuwa tukisikia ikisemwa ya watu wengine, ya mwanamke asiye na mtoto kutoa mbuzi aoe msichana amzalie watoto, kumbe ndiyo yetu. Susu ndiye aliyetoa mbuzi kwa kina Mama. Susu ndiye aliyemuoa Mama. Mwanamume wa kutuzaa alikuwa mtoto wa kaka yake marehemu, aliyekuja kutoka Machakos kwa kuitwa na Susu, na alikufa kwa malaria huko Kibwezi kabla mimi sijazaliwa. Hata picha hana. Wewe ni Kimanzi kwa sababu mume wa Susu alikuwa Kimanzi. Mimi ni Ndunge kwa sababu ya Susu mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tulitazama majina yetu maisha yote na hatukujiuliza kwa nini kwetu hakuna Kiilu hata mmoja, wala Kalekye, aliyekuwa mama yake Baba mdogo. Siku ya mazishi ya Baba, Baba mdogo alimtaja Kalekye mbele ya kaburi kuwa mama wa marehemu, nami nikadhani ni uzee.

Ukoo wetu ni Atangwa, ukoo wa mume wa Susu, kwa nyumba na kwa damu. Makau na Tabitha si ndugu, na hawajawahi kuwa ndugu.

Najua hapo ulifurahi halafu ukasimama. Hata mimi nilisimama hapo hapo, nikamuuliza Mama kwamba sasa Baba ni nani.

Baba alikuwa mfanyakazi wa simiti aliyekuwa akija kwa Susu kununua ugoro wa kumpelekea baba yake. Wewe ulikuwa umeshaanza kukimbia, mimi nilikuwa mgongoni. Mama anasema alianza kununua ugoro mwingi kuliko mzee mmoja anavyoweza kunusa. Susu akamuuliza anataka nini. Akasema. Susu akamwambia huyo ni mke wa nyumba yangu, hana wa kupokea mbuzi wako, na watoto ni wa Kimanzi. Ukitaka kukaa, kaa, lakini hapa hutaoa na hutaitwa mwenye mji. Baba akakaa. Alikaa mpaka tukamzika pale pale kwenye ploti ya Susu, na kwa desturi, anasema Mama, amekufa hajaoa na hana mtoto. Alilijua hilo kila siku aliyotoka kwenda kule kiwandani kutafuta karo yetu. Siku alipokupeleka darasa la kwanza, mwalimu akauliza jina la baba, akasema aandike Mwanzia. Alirudi nyumbani akapiga magoti mbele ya Susu kuomba msamaha. Susu akamwambia watoto na watumie tu hilo jina, lakini lijulikane ni la kuazima.

Nilimuuliza Mama kwa nini alimwambia mgeni mwenye tepu akatunyima sisi. Alisema Susu alikuwa amekufa, na hapakuwa na mtu chini ya jua aliyemhesabu kuwa mjane, kwa sababu kila mtu alimwona ana mume. Alitaka kuomboleza na hakuwa na wa kumwambia analilia nini. Mgeni angesikia na kwenda zake. Akamfunga kwa kidole ili Baba asije akavuliwa watoto wake akiwa hai. Baba alipokufa alitaka kutuambia, haki ya Mungu alitaka, lakini wewe ulisimama pale kaburini ukasema wewe ni kifungua mimba wa Mwanzia, na kwamba kila kitu unachojua kuhusu udongo na maji ulifundishwa na mikono ile. Akasema alishindwa, na nani angeweza?

Sasa nakuletea jambo lenyewe. Kurasa hazitatoka, na si kwa sababu ya sheria ya Apondi. Mama anasema kitabu kikifika Kiserian kitasema palikuwa na mwanamume aliyekuja baadaye, basi, na akina Nzomo watasoma hivyo hivyo. Kitabu hakikumwona akikubeba mvua ya Aprili mpaka hospitali ya Kajiado, wewe ukiwa mkubwa miguu inaburuta. Yeye anataka kwenda mwenyewe. Amesema atasimama mbele ya wazee wa Nzomo, yeye Nzula, mama wa kanisa, miaka sitini na zaidi, aseme kwamba aliolewa na mwanamke. Aseme mbele ya watu ambao Jumapili watakuwa wanamnong'ona kwenye mabenchi. Na kwa vile Nzomo atataka shahidi, Mama amempata. Wazee wa ukoo wa Susu wamekwisha wote, lakini mzee Saning'o, jirani yetu wa zamani aliyekuwa akija mlangoni akisalimia sopa kwa Kimasai mpaka Susu aitike, yuko hai huko Kimuka. Alikuwako siku mbuzi wa Susu walipotolewa, alikula nyama yao, na anamkumbuka mpaka yule aliyekuwa na pembe moja. Amejibu kwamba atakuja.

Lakini Mama hatakwenda mpaka wewe umruhusu. Nilimwambia yeye ndiye mwenye maneno, ruhusa ya nini tena? Akasema maneno ni yake, hilo anajua, hata mzungu aliliandika. Lakini Baba si wake wa kumtoa mbele ya watu. Baba ni wenu, akasema, wewe na Kimanzi. Akisimama kule Kiserian atakuwa amewavua baba yenu, na hawezi kuwavua bila nyinyi kumwambia sawa. Mmoja wenu akikataa, atanyamaza, na mbuzi warudi, na atamwomba Makau msamaha bila kumwambia wa nini. Aliposema hivyo aliendelea kumenya mbaazi, ila maganda alikuwa akiyaweka kwenye sufuria na mbaazi akizitupa.

Mimi nimeshatoa ruhusa yangu. Nililia kwanza, usidhani ilikuwa rahisi, na usiku wa siku hiyo nilimkasirikia Susu, nikamkasirikia Mama, nikamkasirikia hata Baba kwa kutuachia kazi hii. Kisha nikamkumbuka Baba alivyokuwa akitupigia mluzi kutoka njia panda Ijumaa jioni ili tukimbie tumpokee, na nikajua angeniambia niache ujinga, mtoto aoe. Lakini hayo ni yangu. Ya kwako siyajui, na sitakusukuma. Wewe ulimpenda kwa namna yako, na simiti ya kaburi lake uliichanganya kwa mikono yako.

Kwa hivyo mpe Lemayian jibu. Sihitaji maneno mengi, andika ndiyo au hapana. Kama ni ndiyo, uje mwenyewe kabla ya Agosti kuisha, umshike Mama mkono siku hiyo. Na lile koti la Baba la kahawia, lililobaki kwako, Mama ameomba ulivae.

Msalimie Evalyne sana na umwambie zile sketi za wasichana nitamaliza miguu ikikubali. Msalimie Makau bila kumwambia chochote, mwambie tu shangazi yake anakula vizuri. Mama anakusalimu. Amekaa hapa kando yangu tangu nianze, ameniomba nimsomee yote, nimemsomea, na hajabadilisha neno. Ameomba tu niongeze kwamba Mwanzia alikuwa akikuita baba yake, kama mtu anavyomwita kifungua mimba wake, ingawa jina la baba yake hukulibeba.

Mungu awalinde huko, na huku asitusahau.

Ni mimi dada yako,

Ndunge Mwanzia.

Hata kama lilikuwa la kuazima, mimi silirudishi.